Walioathiriwa na Mzee Hezekia

Mzee Hezekia hajawahi kumdhuru mtu. Labda fuko wawili watatu waliokuwa wakimlia karoti, na hao nao walianza wao. Analima mlimani, juu kidogo ya mji wa Mlalo, ana miaka sitini na mbili, magoti mabovu na mapafu ya fahali. Kwa miaka thelathini na moja ameongoza tarumbeta za usharika wao mdogo, na yeye mwenyewe hupuliza besi, lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani ambalo watu wamelipa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa likisema hakuna wa kulijibu.

Mama Mkwe lilitoboka zamani. Hezekia akaliziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli na waya, na tangu siku hiyo halilii, linakoroma. Upigwe wimbo mtulivu kiasi gani, chini yake utasikia msumeno wa wapasua mbao wa Shume umekwama kwenye fundo la mti. Wageni hushtuka. Sisi tumeshazoea, na ng'ombe pia.

Basi kati ya watoto aliowafundisha alikuwapo Janeth, binti wa jirani, mwepesi wa vidole, mzito wa kuamka. Kila alipochelewa kuingia kwenye wimbo, Hezekia alisimamisha kundi zima na kumwambia, "Kabichi imepasuka." Mkulima haelezwi hilo. Kabichi ukichelewa kuivuna, mvua ikainyeshea, inapasuka shambani, na hapo huna mboga tena, una chakula cha mbuzi.

Janeth akakua, akaenda kukaa Lushoto mjini, akanunua gitaa la umeme. Yeye na wenzake wawili wakaanzisha bendi ya ule muziki mgumu wa kupayuka, roki, wakaiita Jabali. Wimbo wao wa kwanza ni wa msichana anayemjibu mchumba aliyezubaa miaka minne ndipo akaleta posa. Anamjibu kwa maneno mawili tu, kabichi imepasuka, mara kumi na nane, na gitaa linakoroma chini yake. Ukapendwa, usiniulize kwa nini. Ulipigwa saluni, ulipigwa kwenye bodaboda, ukapigwa mpaka harusini, na hapo mimi nasema wenye harusi hawakusikiliza maneno.

Redio moja ya Tanga ikamwita Janeth kwa mahojiano. Mtangazaji, dada mmoja anaitwa Yusra, akamuuliza ni nani aliyewaathiri kimuziki.

"Mzee Hezekia, mwalimu wangu wa tarumbeta kule kwetu juu ya Mlalo," Janeth akasema. "Ametuathiri sana. Mimi ameniathiri tangu nina miaka kumi, na sidhani kama nitapona."

Akacheka. Ila mawimbi ya redio huku milimani yanakatika, na kicheko hakikutufikia.

Sasa tuelewane. Huko kwenye redio, kuathiriwa ni jambo la kujivunia. Huku kwetu neno hilo linaletwa na semina. Tunao waathirika wa maporomoko, waathirika wa ukame, waathirika wa gongo. Mwathirika mwenye furaha hatujawahi kumwona. Hata chai ya saa nne haijanywewa, habari ilikuwa imezunguka vilima vyote kwamba Janeth wa watu ameathiriwa, tena na mzee wa besi.

Hezekia alikuwa shambani, hana redio. Alishangaa tu kumwona Anord, kijana ambaye shikamoo yake husikika ng'ambo ya bonde, akipita kimya na kutazama viatu vyake. Jioni akaja Kristian, mzee wa kanisa, mtu wa haki lakini mwenye haraka nayo. Akamweleza yaliyotangazwa. Mama Mkwe litafungiwa kwenye chumba cha sakristia mpaka Jumapili, na Sheshe, katibu wa usharika, atafungua daftari ili kila aliyeathiriwa ajiandikishe. Yakithibitika, Sikukuu ya Mavuno besi atapiga mtu mwingine.

Ungedhani Hezekia atabisha. Wapi! Alikaa kwenye kigoda akawaza kwamba kwa miaka minane alimsimamisha yule mtoto pembeni ya Mama Mkwe, mdomo wa tarumbeta umeelekea sikioni kwake. Akaamini kabisa kwamba amemharibu masikio. Kumpigia simu aliona aibu, na isitoshe, mtu uliyemharibu masikio unampigiaje simu?

Jumatatu daftari likafunguliwa, na jina la kwanza kuandikwa lilikuwa Klara. Klara mke wake. Hezekia alilisikia dukani, alipokwenda kununua chumvi. Akarudi bila chumvi, akamkuta anamenya viazi.

"Umejiandikisha kwamba nimekuathiri?"

"Sana tu," Klara akasema. "Mengine utayasikia Jumapili."

Usiku huo Hezekia aliacha nusu ya ugali wake. Kwa wanaomfahamu, huo ni msiba.

Jumatano mtu akakumbuka kwamba waathirika wa maporomoko mwaka juzi walipewa blanketi na debe la mahindi. Loo! Foleni ya Sheshe ikafika barabarani. Modesta alidai kuathiriwa sikio la kushoto, na kwamba la kulia liko njiani. Martin alimwandikisha ng'ombe wake. Kuluthumu, Mwislamu safi anayeuza maandazi mbele ya kanisa, alisema yeye kiwanja chao hajakikanyaga, lakini athari hazina dini.

Jumapili baada ya ibada hakuna aliyetoka. Kristian akataka kila mtu asimame aonyeshe alivyoathiriwa, akaanza na Kuluthumu, aliyesimama nje ya mlango na haraka ya maandazi. Kuluthumu akaeleza kwamba miaka yote anakanda unga kwa mapigo ya Mama Mkwe, na wiki hii besi iliponyamaza, maandazi yamekataa kuumuka. Akakanda hewani, huku anakoroma ule mkoromo wenyewe. Modesta akadakia. Martin akasema ng'ombe wake hukamuliwa kwa huo huo, akaukoroma naye, na safu mbili za nyuma zikamfuata bila kuombwa. Kristian akagonga meza wanyamaze, na hata kugonga kwenyewe kukaangukia kwenye mapigo.

Ndipo akamwita namba moja. Klara akasimama. Hezekia akainamisha kichwa.

"Huyu alikuja kunichumbia kwetu Mlola na lile tarumbeta," Klara akasema. "Akalipuliza nje ya nyumba yetu. Mama yangu akatoka na taa akiuliza ni ng'ombe wa nani anazaa. Mimi ndani nikaathirika. Ule mkoromo nimeusikia kwenye wimbo wa Janeth, nikajua mtoto naye ameathirika vilevile. Mimi ni mwaka wa thelathini na nne sasa, na blanketi silitaki. Sijapona, na sitaki kupona."

Kristian akauchunguza uso wa Klara, akalichunguza daftari, kisha akacheka mpaka akashika meza. Akatoa ufunguo wa sakristia mfukoni, na kabla ya kumpa Hezekia akamwambia Sheshe, "Niandike na mimi."

Mama Mkwe likaletwa. Wapigaji wakajipanga, wimbo ukaanza, kila mtu akingoja besi. Hezekia alikuwa amelivaa begani, mdomo uko tayari, lakini alikuwa anamtazama mke wake na machozi yanamtoka hadharani, na mahali pake kwenye wimbo pakampita. Miaka thelathini na moja, hakuwahi kuchelewa.

Kanisa zima likamwambia kwa sauti moja, Klara akiongoza:

"Kabichi imepasuka."