Reale za Mizinga za Stephania

Mwinshehe alikuwa sonara wa Ujiji kwa miaka thelathini na mbili. Watu walimletea vipuli, bangili na fedha za kale walizoachiwa na wazee wao wa zama za misafara. Aliziangalia, akazipima, akasema neno lake, na neno hilo likawa mwisho wa ubishi. Hata watumishi wa serikali waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa mingine walimwamini yeye tu.

Asubuhi moja ya Novemba 1996, siku zile Wakongo walipokuwa wakishuka ufukweni kwa mamia na magodoro yao kichwani, aliingia dukani mjane mmoja, Stephania, mtu wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mtumbwi aliovukia ulikuwa umejaa pomoni, na mabinti zake wawili walibaki kule pamoja na bibi yao. Mwenye mtumbwi alikubali kurudi kuwachukua, lakini kwa malipo, na malipo hayo aliyataka siku hiyohiyo.

Akafungua fundo la kitenge, akatoa sarafu sita za Kihispania. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme. Upande wa pili nguzo mbili ambazo watu wa zamani walizidhania mizinga, ndipo wakaziita reale za mizinga. Babu yake alizipata pwani, na baba yake akampa yeye siku ya ndoa.

Mwinshehe aliichukua ya kwanza. Chini ya kidevu cha mfalme palikuwa na mkwaruzo mfupi. Akachukua ya pili: mkwaruzo uleule, mahali palepale. Ya tatu nayo. Mkwaruzo ule aliutia yeye mwenyewe, tupa ilipomteleza, miaka kumi na mitatu nyuma.

Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa dagaa, Kasongo, alikuwa akivuka kuja Ujiji kila mwezi, na alikuwa na nyumba ndogo mtaa wa Kasingirima, hawara aliyemkausha mfuko. Alileta reale sita, akauza tano, na ya sita akaomba itumike kufanyia kalibu, umbo la kumiminia nyingine mfano wake. Mkwaruzo wa tupa kwenye hiyo ya sita ukaingia kalibuni, na Mwinshehe akasubu tano za bandia kwa bati na risasi zilizoyeyushwa, akazipaka fedha juu, akalipwa vizuri. Kasongo akarudi kwao na sita kamili. Zilikuwa za nani, Mwinshehe hakuuliza.

"Bwana yangu, marehemu Kasongo, alizitunza kuliko macho yake," Stephania alisema. "Hata njaa ilipotuingia alikataa tuziuze."

Kwenye benchi alikuwa ameketi Dismasi, karani wa mahakama, akisubiri pete ya mkewe. Alisogea kuangalia.

Ile ya sita ilikuwa halisi. Mwinshehe aliijua kwa kuigusa tu: herufi zilisimama wima, ukingo wake ulikuwa na nakshi ya miduara na mistatili isiyolika, na mkwaruzo wake ulikuwa mkali, si wa kuyeyuka kama kwenye zile tano. Bei yake peke yake ingemtosha mwenye mtumbwi na chakula kikabaki. Lakini angeitenga vipi bila kueleza ilivyokuwa na alama moja na zile tano? Dismasi alishinda mahakamani kila siku akisikiliza kesi za watu. Asingekosa kuuliza.

Basi akaifunika ya sita kwa kiganja, akazipima zile nyingine mbele yao. Akaziangusha juu ya jiwe, zikalia kizito kama kokoto. Mizani ikaonyesha zimepungua uzito. Kwenye ukingo akamwonyesha Dismasi mshono wa kalibu. Tone la tindikali likatoa povu.

"Mama, zote sita ni bandia," alisema. "Nani kakutuma kwangu?"

Stephania alisema hajatumwa na mtu, ni za baba yake. Mwinshehe akapaza sauti ili walio nje wasikie, akasema wakimbizi wameanza kuleta udanganyifu mjini. Dismasi naye akaongeza kwamba kosa hilo lina kifungo. Mwanamke akapiga magoti sakafuni, akataja majina ya wanawe. Mwinshehe akamwambia atamsamehe iwapo ataziacha hapohapo ziharibiwe. Akaziacha. Akakunja kitenge chake kitupu, akatoka.

Mtumbwi ulichukua abiria wengine wenye fedha, haukwenda Baraka. Wiki ile ile habari zikaja kwamba mapigano yamefika huko. Stephania akapelekwa kambini.

Dismasi alikieneza kisa hicho, na wateja wa Mwinshehe wakaongezeka. Zile tano aliziyeyusha. Ya sita aliiosha kwa maji na sabuni tu, maana alijua kuisugua kungeishusha thamani, akamuuzia msafiri wa Mwanza, akaezeka nyumba yake upya kwa mabati.

Baada ya miaka miwili alimkuta Stephania sokoni Ujiji, ametoka kambini kwa kibali, akiuza viazi vitamu. Alikuwa amekonda, na nywele zimeota mvi. Mwanamke ndiye aliyeanza kumwamkia. Mwinshehe akaitikia, na swali la mabinti likamtoka kabla hajalizuia. Stephania akasema hakuna habari. Wanaovuka wanasema nyumba ilichomwa.

"Wewe baba ndiye uliyenionya," akasema, bila kejeli yoyote. "Ningempa yule mwenye mtumbwi zile za bandia, angewatosa wanangu majini. Mungu akuweke."

Mwinshehe alinunua mafungu mawili, akaondoka haraka bila kungoja chenji. Stephania akamkimbilia hadi kwenye kona, akamrudishia yote mkononi.