Mchoraji Aliyeficha Mikono

Mtaa mzima ulimwita Mifuko, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa alichora mabango ya maduka, na katika mabango yote hayo hukuona mtu mwenye mikono. Kinyozi: mikono mfukoni. Daktari wa meno: mikono mgongoni, kama mfungwa. Muuza maziwa alizamishwa mikono kwenye ndoo mpaka viwikoni. Mikono ilimshinda tangu siku ya kwanza, naye badala ya kujifunza kuichora akajifunza kuificha.

"Huo ndio mtindo wangu," alijigamba, kifua mbele.

Mtindo! Uvivu uliovalishwa tai.

Siku moja dada yake mkubwa, fundi cherehani, alimwagiza bango la duka lake jipya. "Nichore nikiwa kwenye cherehani, ninashona." Baada ya wiki moja Mifuko akaleta bango linalong'aa. Uso ulikuwa wa dada kabisa, hata kovu la kidevuni lilikuwepo. Lakini kitambaa chekundu kilimwagika juu ya cherehani kama mafuriko, mikono ikapotelea chini yake.

Dada akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mdogo wangu, mikono yangu iko wapi?"

"Iko chini ya kitambaa, dada. Inafanya kazi."

"Inafanya kazi au imelala? Sare zako za shule nilizishona kwa mikono hii, leo unanifunika kama maiti!"

Wateja wawili waliokuwa wakipimwa wakashika mbavu.

"Nakupa mwezi," dada akasema. "Ukishindwa, nampa kazi yule mwenye mashine ya kuchapa picha. Mashine yake haina mtindo, lakini vidole vitano inavijua."

Ilimchoma. Kushindwa na mashine, tena mlangoni kwa dada yake mwenyewe! Kila asubuhi akawa anaweka mkono wa kushoto mezani na kuuchora kwa wa kulia. Wa kwanza ulitoka kama fungu la karoti. Wa pili, ufagio uliochakaa. Aliibandika yote ukutani imcheke. Wiki ya tatu ndipo alipogundua jambo ambalo mtoto yeyote angemwambia: vidole havianzii kwenye mstari mmoja, na gumba hutazama pembeni. Miaka kumi na tisa, na mkono wenyewe ulikuwa papo hapo, umening'inia begani kwake!

Alikwangua mafuriko yale mekundu, akachora upya, akarudi dukani. Dada aliweka kiganja chake kando ya kile cha rangi.

"Gumba limevimba. Limeng'atwa na nyuki?"

"Naliona, dada."

"Na hiki cha kati?"

"Kifupi. Nimekiona pia."

Dada akasubiri asikie habari za mtindo. Hazikuja.

"Haya, litundike," akasema. "Mwakani unanichora tena."

Alipomaliza kutundika, Mifuko akavuka barabara na ngazi begani, kopo la rangi mkononi. Alisimama chini ya bango la kinyozi, akamtazama yule mtu wake mwenye mikono mfukoni.

"Mjinga wewe," akamwambia, "unanyoa kwa meno?"

Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda.