Ulimi wa Kukopa

Nilianza kazi kwenye kampuni ya pipi nikibeba maboksi, nikaishia kuwa meneja wa uzalishaji, mwenye kiti cha kuzunguka na kitambi cha kukijaza. Nilipandishwa na maneno, si kingine. Kipaji cha kuonja nilikuwa nacho kidogo, na yale mafua ya miaka sita iliyopita yaliondoka nacho. Tangu hapo asali na maji ya bomba kwangu ni ndugu.

Nikanyamaza. Meneja wa pipi asiyejua utamu atakula wapi?

Kila Jumanne tulikaa chumba cha kuonja: mimi, mwenye kampuni, ambaye daktari alimkataza sukari, na mpishi mkuu wa pipi, mama tuliyemwita Bibi Sufuria. Akipandisha nyusi, najua pipi ni mbovu; natema kwenye tishu kwa madaha, nasema, "Limau limezidi." Akitulia, nasifu. Mwenye kampuni akaniita Ulimi wa Dhahabu, nami bila haya nikaitika.

Mwezi uliopita akaniletea barua ya kumstaafisha Bibi Sufuria.

"Amezeeka. Wewe si upo? Weka sahihi."

Bila yule mama nilikuwa nimekalia kuti kavu. Tena yeye ndiye angefukuzwa kwa sababu ya sifa nilizomwibia. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikaweka kalamu chini.

"Bosi, mimi sisikii ladha yoyote. Miaka sita namwangalia yeye usoni."

Alidhani natania. Akanipa pipi mbili nimwambie ipi ya tangawizi. Nikakosea. Akaniongezea ya tatu, nikakosea tena, kwa kujiamini kabisa.

Bibi Sufuria akabaki, na chumba cha kuonja sasa ni chake. Alipoulizwa kama alijua, alisema, "Tangu aliposifu ile tuliyosahau kutia sukari. Nikamwonea huruma, nikawa namwonyesha." Mimi nimehamishiwa makaratasi ya kufungia pipi, kazi inayotaka macho tu.

Siku niliyokiri nilirudi nyumbani mwepesi, nikamsimulia mke wangu yote nikingoja acheke. Akaweka mwiko chini.

"Baba watoto, miaka sita?"

"Sita."

"Na kila siku unaniambia hujawahi kula mchuzi mtamu kama huu."

Mwenye kampuni alinisamehe siku ile ile. Mke wangu, leo ni wiki ya tatu, hajaniuliza kama nimeshiba.