Ndege wa Babu

Juzi, katika duka la mitumba, niliokota santuri ya bendi moja iliyokuwa ikitumbuiza wageni hotelini Nairobi zamani. Nyuma ya jalada, chini kabisa, palikuwa na jina la babu yangu mzaa mama, na mbele yake: sauti za ndege.

Mimi nilimjua kama karani mstaafu aliyeishi nasi Thorncliffe Park, mtaa wa Toronto. Alasiri moja, nikiwa mtoto, tulikaa wawili kwenye roshani, ghorofa ya kumi na nne. Harufu ya vitunguu vya jirani ilitufikia, na chini magari yalinguruma. Babu, amevaa koti juu ya pajama, alikunja viganja mdomoni akalia kama ndege ambaye sijawahi kumsikia Toronto. Akanyamaza, kidole kikigonga chuma cha roshani mara nne. Akalia tena, akangoja tena.

Nilidhani anawaita ndege, nikakimbilia mkate jikoni, nikaumega na kuutawanya sakafuni.

“Hawaji, Babu,” nilimwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikielewa tu.

“Subiri. Wenzangu hawachelewi.”

Nilicheka sana. Ndege, wenzake!

Jana niliiweka santuri kwenye mashine. Babu akalia, akanyamaza. Nikagonga meza kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Saksafoni ikaingia, ngoma ikafuata, kisha kinanda. Kumbe siku ile, pale roshani, alikuwa akiwaachia nafasi yao.