Pikapu Iliyokogeshwa Bahari

Nakumbuka, mwanangu, mchana ule Fundi Makame alipopitisha kidole kwenye mshono wa pikapu yetu, akakilamba, kisha akatema mate chini.

"Chumvi," alisema. "Nani kaitia gari hii chumvi?"

Tulikuwa uani nyumbani kwetu Wawi. Mama akajitia kupepeta mchele.

Pikapu ile aliiacha marehemu baba. Ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua, lakini akiipenda, na sisi tukiujua mlio wake kabla hajafika njia panda. Alipofariki ikakaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani. Sasa dada yangu Riziki akaposwa na watu wa kijiji cha Shumba, na mama akaapa kwamba mwanawe hatoki kwa gari ya kuazima. Atatoka kwa gari ya babake, nayo iwe inang'ara. Basi akaitwa Fundi Makame. Akakwangua rangi yote ya zamani hadi bati likabaki tupu, akagonga palipobonyea, akatukataza tusiiguse mpaka arudi na gundi ya kuzibia mishono.

Lakini mama alikuwa mtu wa Chokocho, na kwao kitu kilichoingiwa na nuksi hukogeshwa bahari. Yeye aliona gari imekaa sana, watu wameitupia macho, na mwenyewe kafa. Ampandishe bibi harusi gari yenye husda? Toba! Fundi alipotoka tu, akaniamrisha niiwashe, maana injini ilikuwa bado nzima, tukateremka nayo hadi pwani kwao. Nikaimwagia ndoo kwa ndoo, yeye akisoma dua. Wallahi, sijaona mtu mwenye nia safi kama mama siku ile. Ila chumvi haijui nia ya mtu.

Basi mchana ule Fundi alipoelezwa hayo, alishika kichwa.

"Bi Saumu! Nuksi umeitoa, kutu umeitia!"

Alikuwa mkali yule mzee, lakini hakumtukana mama. Akachuchumaa, akatuonesha pale mabati mawili yanapokutana. Maji ya bahari yameshaingia humo, alisema. Akiziba sasa, ataifungia chumvi ndani. Picha zitapigwa, harusi itapita, na masika hayajarudi rangi itafura mapovu na bati litaoza kwa chini, hakuna anayeona. Dawa yake ni kuosha upya kwa maji ya kisima, tena na tena, kuianika ikauke kabisa, kukwangua kila penye kutu, kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo azibe mishono. Rangi ya mapambo ingojee baada ya hapo. Na harusi ilikuwa wiki ile ile.

"Fundi, pakaa tu," mama alimwomba. "Nisitiri siku moja."

"Kukusitiri nitakusitiri. Lakini gari ya mumeo itakufa."

Mie nami, kijana mpenda sifa, nikamuunga mkono mama. Nilishawatambia wenzangu kwamba tutaingia Shumba na gari ya kijani inayowaka. Wazee walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, na mie wakati ule nilikuwa mkakasi hasa. Mama akaanza kulia. Alikuwa mjane, na alijua wakwe watatazama.

Riziki alikuwa chumbani anasingwa kwa manukato ya bibi harusi, hatoki nje. Akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Mama, mie naolewa siku moja tu. Gari ya baba nataka niikute kila nikija kwetu."

Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, Fundi," akasema. "Ioshe."

Siku ya harusi pikapu ikatoka na wekundu wa ile rangi ya kuzuia kutu, usiong'aa, na gundi ikionekana kwenye kila mshono. Shumba tulichekwa, mwanangu, usiambiwe. Mmoja akauliza, "Yakhe, hii gari au tofali?" Nilitamani kuingia chini ya kiti. Lakini mama alikaa mbele, pale pale alipokuwa akikaa ubavuni mwa baba, akainua uso, akapiga kigelegele cha kwanza mwenyewe. Wanawake wa Shumba wakaitika.

Rangi ya kijani ilipakwa baadaye, kwa utulivu, na ikakaa. Miaka mingi mbele, mama alipolala kitandani kwa maradhi, pikapu ile ndiyo niliyokuwa nikimfuatia Riziki Shumba, nikamleta Wawi kumuuguza. Mama akiusikia mlio wake barabarani, akitabasamu na kusema, "Huyo kaja na gari ya babake."

Nakueleza haya kwa kuwa nimekusikia unamhimiza fundi akupakie gari yako kabla ya Idi. Mwache. Aioshe, aikaushe, akwangue kutu, azibe mishono, ndipo apake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo unalijua tangu chuo cha Kurani. Na nyumbani kwako vivyo hivyo: ukikosana na mkeo, msichekeane kwa ajili ya wageni na neno liko moyoni. Kaeni, lisemeni, liishe. Kuchekwa siku moja kunapita; mie nilichekwa na bado nipo.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kungoja, akujaalie nyumbani kwako mtu wa kukwambia kweli unapolia kutaka kufichwa, na akubakishie vya wazee wako mpaka wanao wavikute. Amin, mwanangu.