Paswedi niliyoiona ya siri

Leo mwanamme nisiyemjua kaifungua laptop yangu kwa neno moja tu.

Niliisahau juu ya benchi bandarini Mkoani, nikihangaika na mizigo. Nafika nyumbani, mkoba wa laptop haupo.

Mnaonijua mnaijua kazi yangu: napiga picha kwenye harusi za wanawake. Mle ndani ya laptop mna mabibi harusi na mashoga zao, vichwa wazi, wanacheza, kwa kuwa walijua hakuna mwanamme atakayewaona.

Simu ikalia. Alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu mzima mwenzangu.

"Bi Mize, laptop yako ninayo. Namba nimeipata humu ndani, kwenye tangazo lako la kazi."

"Umefunguaje? Si ina paswedi?"

"Nimeona pahala pa kuandika, nikaandika bismillahi, kama ninavyoanza kila kitu. Ikafunguka."

Nilicheka, jamani. Kisha nikazikumbuka picha.

"Na picha?"

"Sikuzigusa, dada yangu. Mungu ni shahidi."

Namwamini. Nimeifuata laptop bandarini, nimemwombea dua mpaka akaona haya.

Lakini wale wanawake waliniamini mimi, si yeye. Nimeweka paswedi ndefu isiyo neno la mtu yeyote. Picha nimezihamishia kwenye flashi, nimeifungia kabatini. Nanyi badilisheni zenu leo, ila msiniandikie hapa mmeweka nini!

Kisha nikawapigia mabibi harusi, mmoja mmoja, kuwaeleza. Wawili wamenisamehe.

Wa tatu kasikiliza mpaka mwisho, kakata simu.

Ndugu zangu, nikimpigia tena nimwambie nini?