Antivairasi Haili Nyimbo

Kwaya ya kigango chetu hapa Kasulo hujifunza nyimbo kwa flashi. Inazunguka nyumba hadi nyumba, na kila mwenye kompyuta ananakili kisha anawawekea wengine kwenye simu zao. Ukiikataa, wanakuona kama umemfungia padri mlango.

Na kuna jambo jingine wanalofundishana pamoja na sauti ya kwanza na ya pili: ukifika kwenye kompyuta ya mtu, zima antivairasi kwanza, maana inakula nyimbo. Waliiona inafuta vitu kwenye flashi, basi, ikawa imani. Hakuna aliyejiuliza ilikuwa inafuta nini.

Ndani ya kompyuta yetu alikuwemo mama yangu. Maisha yake yote hakupenda kupigwa picha. Nilipojifungua ndipo alipokubali, akampakata binti yangu, akacheka, hata akamwimbia kwa Kihangaza nikamrekodi video. Alifariki mtoto hajaanza kutambaa. Simu niliyorekodia ilikufa nayo. Zaidi ya kompyuta hiyo, nakala nyingine sikuwa nayo popote.

Siku flashi ilipofika kwetu nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki. Kurudi namkuta shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mwimba besi, ameinamia kompyuta anatokwa jasho. Folda la picha limegeuka kijialama chenye mshale. Nabofya, hakuna kitu.

"Umezima antivairasi?"

"Si ingekula nyimbo za Pasaka, shemeji."

"Flashi imetoka wapi?"

"Mugoma. Kabla ya hapo ilikuwa ng'ambo ya mpaka, kule Rusumo. Lakini ni nyimbo za Mungu, virusi vitoke wapi?"

"Kwani virusi vinasali?"

Mume wangu akaingia na busara zake. "Msigombane. Kesho naipeleka kwa fundi aipige window, itarudi mpya."

"Mpya bila mama yangu! Iguse uone, utahamia kwa mdogo wako."

Kupiga window ni kufuta kila kitu, na yeye anajua. Sekondari tulifundishwa kompyuta kidogo, na hili nililishika: kirusi cha namna hiyo kinaficha mafaili, hakiyali. Kile kijialama ndicho mtego wenyewe, ukibofya unakieneza. Na mimi nilikuwa nimebofya, kwa hasira. Nikawasha antivairasi, nikaiacha ikague kila kona, kisha nikaiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Picha zikajitokeza, zimefifia kama kitenge kilichoanikwa muda mrefu. Nikafungua ya kwanza. Mama, anacheka.

Video sikuiona.

"Kulikuwa na kitu nje ya folda," shemeji akasema taratibu. "Jina lake herufi na namba tupu. Nilidhani ndivyo virusi vyenyewe. Nikafuta, na pipa la takataka nikalisafisha."

Nilichomwambia hakiandikiki. Mtoto alilia kwa kelele zangu.

Sasa nywila ninayo mimi peke yangu, picha ziko sehemu mbili, na flashi yoyote inakaguliwa kabla haijafunguliwa, hata itoke kwa askofu. Kwaya wanasema nina kiburi. Waseme. Shemeji hajala kwangu tangu siku ile. Asile.

Binti yangu ameanza kuuliza maswali. Juzi alishika picha akaniuliza bibi alikuwa anaimbaje. Nikajaribu kumwigizia. Maneno ninayo yote, ila sauti inatoka yangu.